Nambari Tatu kwenye Karatasi ya Njugu

Mwandiko wangu umesifiwa tangu nikiwa darasa la nne. Mwalimu alikuwa akiliinua daftari langu juu na kuwaambia wenzangu hivi ndivyo binadamu anavyoandika, nao wakaninunia mchana kutwa. Saba yangu ina kijistari katikati ili isifanane na moja, na sifuri yangu inafungwa sawasawa. Naanza na hilo kwa sababu laiti ningekuwa na mwandiko mbaya, kuna mtu mmoja wa Mboghoni ambaye angekuwa bado anavaa shati lake jeupe kazini.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye loji moja nje ya mji wa Voi. Nilikaa ofisi ya nyuma, nikipokea simu za watu waliotaka vyumba. Wengi walipiga kutoka mbali, Nairobi au ng'ambo, na walilipa kwa kadi bila mimi kuwaona. Mtu anakusomea nambari ndefu ya mbele, tarehe ya kadi kuisha, kisha zile nambari tatu za nyuma zilizo karibu na sahihi. Unazibonyeza kwenye mashine, mashine inafikiria, inatoa risiti. Hiyo ni kama mtandao upo. Mtandao wetu ulikuwa na tabia zake: upepo ukivuma haupo, tembo wakiegemea nguzo haupo siku mbili, na mgeni aliye ng'ambo hawezi kukusomea kadi mara nne bila kukuona mjinga.

Nikajitungia njia yangu. Nilikuwa na daftari la mistari nililolifunika kwa kalenda ya zamani, kama tulivyofundishwa shuleni, na humo niliandika kila kitu: nambari ndefu, tarehe, na zile tatu. Mtandao ukirudi nabonyeza, nikimaliza natia tiki kwa kalamu nyekundu. Meneja alinisifu mbele ya watu kwamba kwangu hapotei mgeni hata mmoja. Nami nilipenda sana kusifiwa.

Kisha akaja mwalimu kutoka Nairobi, mwanamke mfupi mwenye sauti kavu, kutufundisha mambo ya kadi. Alituketisha kwenye ukumbi wa chakula, maweita, watu wa kaunta na sisi wa nyuma. Akasema zile nambari tatu zimewekwa kwa sababu moja tu, kuonyesha kwamba anayelipa anayo kadi mkononi. Hazitoki kwenye risiti. Mashine yenyewe haiziweki. Kwa hiyo ukiziandika popote pale, umeizalia kadi pacha, na huyo pacha anaweza kuokotwa na yeyote. "Mgeni akizitaja kwa simu, bonyeza, halafu zisahau," alisema. "Mashine ikikataa, mpigie tena baadaye. Usiandike, hata kwenye kiganja." Nilitikisa kichwa kuliko wote. Nikatia sahihi kwenye fomu yake, sahihi nzuri kabisa. Jumatatu mtandao ukaenda, nikafungua daftari.

Sikuwa mwizi. Nataka hilo lijulikane, ingawa najua halinisaidii. Nilikuwa mjuaji, na mjuaji ana hasara kuliko mwizi kwa sababu mwizi angalau watu humchunga.

Sasa nimtaje mama. Mama anauza njugu karanga Voi, pale mabasi ya Mombasa na Nairobi yanaposimama watu wanyooshe miguu. Huzikaanga asubuhi kwa chumvi, huzifunga kwenye karatasi iliyokunjwa mfano wa pembe, halafu huzipitisha kwenye madirisha ya mabasi. Kwetu, mtoto wa muuza njugu au mandazi akipata kazi ya ofisi anajua wajibu wake bila kuambiwa: alete karatasi. Mwalimu hupeleka nyumbani mitihani iliyosahihishwa, karani hupeleka fomu zilizokosewa. Nimewahi kula sambusa juu ya insha ya mtoto nisiyemjua, nikajua amepata kumi na moja kwa arobaini, na nikajua pia kwa nini. Ukirudi nyumbani mikono mitupu, unaonekana umepata kazi isiyo na faida.

Basi daftari lilipojaa nililibeba, pamoja na menyu za zamani. Kila mstari ulikuwa na tiki nyekundu. Kwangu mimi yale yalikuwa mambo yaliyokwisha, kama mtihani uliokwisha sahihishwa. Mama alizichana kurasa, akazikata kati kwa makasi yake, akazipanga. "Hizi ni nzuri," aliniambia. "Haziko na wino ya kuchafua mkono." Nilijiona mtoto mwema.

Yule mtu wa Mboghoni alikuwa weita. Tulimwita Mzee ingawa hakuwa mzee kiasi hicho, labda miaka hamsini na kidogo. Ni Mwislamu wa huko Taveta, wazazi wake na wazazi wao walikaa hapo hapo, na kila akitoka likizo alituletea mkungu wa ndizi. Shati lake alilipiga pasi mwenyewe kwa sababu hakuwaamini watu wa dobi. Alikuwa na kipaji kilichojulikana loji nzima: hakuandika oda. Meza ya watu kumi na wawili, huyu hataki vitunguu, yule anataka nyama iive sana, yeye anasikiliza mikono nyuma, anaenda jikoni, anarudi na sahani kumi na mbili, na hakuna hata moja inayokosea mlango. Wageni walimpigia makofi. Mimi aliniita mwanangu, na nilipokuwa na homa wiki moja aliniletea uji wa ndizi kwenye chupa ya chai.

Malalamiko yalianza na barua moja. Mgeni aliyelala kwetu aliona kadi yake imenunua simu kwenye mtandao, na yeye yuko kwake amelala. Kisha ikaja ya pili. Zilipofika nne, benki ikawaandikia wakubwa wetu, na Jumanne meneja akatuita ofisini mwake wote tunaogusa kadi. Aliweka karatasi mezani yenye majina ya wale wageni wanne.

Mashine ya kaunta wakati huo ilikuwa na waya mfupi. Mgeni akimaliza kula, weita anachukua kadi yake, anaipeleka kaunta, anairudisha. Wageni watatu kati ya wale wanne walikuwa wamehudumiwa na Mzee, na wa nne ikadhaniwa ni vivyo hivyo. Meneja alimtazama akasema, polepole, mtu anayekumbuka sahani kumi na mbili hashindwi na nambari tatu. Nilisikia watu wakivuta pumzi. Kile kipaji tulichokipigia makofi kiligeuka ushahidi hapo hapo, na hakuna aliyeona ajabu.

Mimi nilikuwa natazama jina la nne. Nililifahamu. Mwanamke huyo alikuwa amepiga simu, akanisomea kadi yake, mtandao haukuwepo, nikaandika. Kisha akaahirisha safari. Hakufika Voi, hakuketi meza yoyote, na Mzee hakuishika kadi yake hata kwa dakika moja. Katika chumba kile ni mimi peke yangu niliyelijua hilo. Mzee aliambiwa akae nyumba za wafanyakazi asiende ukumbini hadi Jumatatu, jambo liamuliwe.

Jumamosi nilienda kwa mama. Basi lilikuwa limesimama, naye alikuwa ameinua mkono kwenye dirisha, na kwenye ule mkono, juu ya njugu za abiria mmoja, niliiona saba yangu. Ile yenye kijistari. Abiria akalipa, akachukua, basi likaondoka kuelekea Mombasa. Nilichukua kikapu cha mama nikakunjua karatasi moja baada ya nyingine huku njugu zikimwagika. Nyingine zilikuwa menyu. Tisa zilikuwa zangu, nambari ndefu, tarehe na zile tatu, zinasomeka hata kwa mtu asiye na miwani. Zilizobaki zilikuwa zimekwisha kupanda mabasi wiki tatu nzima, upande wa Mombasa na upande wa Nairobi, mikononi mwa watu wenye njaa na mtu mmoja mwenye akili mbaya. Huyo sikumjua, na simjui hadi leo.

"Hizi karatasi ziko na shida gani?" mama aliniuliza.

"Wino wa ofisi uko na sumu, mama. Tumeambiwa juzi."

"Na watu wamekula wiki tatu?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilimwona mama akikaa chini kwenye debe lake. Kwa siku nyingi baada ya hapo alikuwa akiwauliza makondakta wa mabasi kama kuna abiria aliyeumwa na tumbo, na aliomba kanisani waziwazi asamehewe kwa watu aliowalisha bila kujua. Alikuwa anatubu dhambi niliyomtungia, na mimi nimekaa benchi la tatu nasema amina. Zile karatasi tisa nilizichoma nyuma ya nyumba, na mama akarudi kwenye magazeti.

Jumatatu ikafika. Meneja alikuwa na mtu mwingine kutoka makao makuu, mpole sana, aliyeandika kila neno. Walisema polisi hawataitwa kwa sababu loji haitaki jina lake litembee barabarani, ila samaki mmoja akioza wote huoza, na ni lazima aondolewe. Mzee alikuwa amesimama. Alisema, "Wallahi sijawahi kuigeuza kadi ya mtu." Kisha akanigeukia mimi.

"Mwanangu, wewe ndiye mwenye habari za wageni wote. Hebu watazamie. Kama kuna mmoja hakupita kwangu, waambie."

Alikuwa amepata lile jibu mwenyewe, kwa akili tu, bila kuona karatasi yoyote. Ilibaki mimi nifungue mdomo. Yule mpole akainua kalamu akaningoja.

"Mimi naona majina tu," nilisema. "Siwezi kujua nani alikaa wapi."

Kwa miaka mingi nilijiambia nilimwogopea mama, kwamba wangekuja kumchukua pale stendi na kikapu chake. Nilimwogopea kweli. Lakini nilijiogopea mimi kwanza, mama baadaye, na leo naandika kwa mpangilio huo kwa sababu ndio wa kweli. Mzee alinitazama kidogo. Hakukasirika. Nadhani aliniamini, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Alirudisha mashati matatu, yamepigwa pasi, yamekunjwa, kola juu. Baada ya miezi miwili wakubwa waliamua loji iwe na mtu wa kusimamia usalama wa kadi, na kwa kuwa fomu ya yule mwalimu wa Nairobi ilikuwa na sahihi yangu, nikapewa mimi. Mshahara ukapanda. Na niliifanya kazi hiyo vizuri, lazima niseme, hakuna mkali kama aliyeungua. Nilipiga marufuku daftari ofisini. Nilidai mashine isiyo na waya, ili kadi isitoke machoni pa mgeni. Nilileta mashine ya kukata karatasi vipande, na wenzangu wakalalamika kwamba hata za kufungia mandazi sasa hawapati. Mara mbili simu zililia mezani kwangu kutoka hoteli nyingine, moja ya Mwatate na moja ya Diani, wakiuliza habari za weita fulani aliyewaomba kazi. Niliwaunganisha kwa meneja. Nilijua atawaambia nini, na niliuweka mkono wa simu chini taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Niliacha kazi hiyo baada ya miaka mitatu, nikafungua duka dogo la vifaa vya shule hapo Voi. Nilidhani nikitoka pale, jambo nalo litabaki pale. Halikubaki.

Aliyenitoa mafichoni ni mama. Mwaka uliofuata kikundi chao cha akina mama kilifungua akaunti na kila mmoja akapewa kadi. Aliniletea yake dukani, ameifunga kwenye kitambaa, nimweleze. Nikamweleza nambari ya siri asimpe mtu, hata mimi. Nikaigeuza kadi, nikamwonyesha zile tatu za nyuma. Nikamwambia hizi usimsomee mtu kwenye simu, na usiziandike mahali, kwa sababu mtu akizipata pamoja na za mbele atanunua vitu wewe hujui.

Mama akacheka. "Kwani kuna mtu mjinga wa kuandika hizi kwa karatasi halafu aiache ovyo?"

Nilisema, "Wako." Nikaingia nyuma ya duka nikalia, na aliponifuata nikamwambia ni vumbi la chaki. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimeficha miaka minne na sikuwa nimezaa chochote ila uongo mwingine wa kuufunika ule wa kwanza.

Jioni ile niliandika barua. Niliwaandikia wakubwa wa loji kwamba nambari za wageni nilikuwa naziandika mimi, kinyume na nilivyofundishwa, kwamba nilitoa karatasi hizo nje ya ofisi, na kwamba mgeni wa nne hakuwahi kuonana na yule weita. Sikumtaja mama. Hajui hadi leo, na akisoma haya atakuwa amejua. Baada ya wiki mbili meneja mpya alinipigia, kijana mwenye adabu. Alinishukuru kwa uaminifu wangu. Alisema faili lilifungwa zamani, waliohusika wengi wameondoka, na kwa upande wao hakuna haja ya kufukua. Nilikuwa nimejiandaa kushtakiwa, nimeandaa hata nani atakaa dukani. Sikujiandaa kushukuriwa.

Basi nikachukua nakala ya barua na gari la asubuhi, nikashuka Taveta, na pikipiki ikanipeleka Mboghoni. Huko maji yanapita mferejini kila upande na migomba inafunika njia, tofauti na ukavu wetu. Nilimkuta Mzee amevaa buti za mpira, anaziba mfereji kwa jembe kwa sababu zamu yake ya maji ilikuwa karibu kuisha. Aliponiona aliliacha jembe likaanguka.

"Mwanangu. Umeipata vipi njia? Mama hajambo? Njugu bado zaenda?"

Alinishika mkono hadi uani. Mkewe alikuwa ameketi kwenye kigoda, anamenya ndizi mbichi na kuzitia kwenye sufuria ya maji. Nilimwamkia, akaniitikia vizuri, akaita chai iletwe. Mzee alimwambia huyu ndiye yule binti wa ofisini niliyekuwa nakutajia, mwenye mwandiko. Nilitamani ardhi ifunguke. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, tangu Voi, na yote yalinitoka. Nikampa tu barua.

Aliishika mbali na macho, kisha karibu. "Miwani imevunjika," alisema. "Nisomee. Soma kwa sauti, mama watoto naye asikie."

Nikasoma. Sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine. Nilisoma habari za daftari, za mtandao, za karatasi zilizotoka nje ya ofisi. Nilisoma kwamba mgeni wa nne hakufika, na kwamba nililijua hilo siku ile ile niliyoulizwa. Nilisoma sentensi ya mwisho, kwamba mtu huyu hakuwa na hatia yoyote. Nilipomaliza nilibaki nimeishika, sikuthubutu kuinua macho. Nilingoja anitukane. Nilikuwa nataka anitukane.

Aliyesema kwanza ni mkewe. Kisu chake kilikuwa kimesimama kwenye ganda.

"Kumbe hukuchukua," alimwambia mumewe.

Mzee akamgeukia.

"Na mimi nilishakusamehe zamani," mama yule akasema, kwa sauti ndogo. "Nilisema moyoni, basi, ni shida za watoto zilimsukuma. Nikakusamehe nikanyamaza."

Mzee alikuwa anamtazama kama mtu aliyerudi safari akakuta kitanda kimehamishwa. Miaka minne alikuwa amelala na kuamka, amekula ndizi za mkono ule, akijua kwamba hata dunia yote ikisema nini, chini ya bati lile kuna mmoja anayejua ukweli. Nilikuja kumrudishia jina lake. Nimefika kumwambia halikuwepo hata nyumbani kwake, na aliyelitoa humo ni mimi.

Maji yalikuwa yanamwagika huko shambani, mfereji haukuzibwa, na hakuna aliyeinuka. Mama yule alilifuta jicho kwa mgongo wa mkono, akarudi kumenya, akakosea, akaikata ndizi katikati.

"Soma tena," Mzee alisema. Hakuwa ananitazama mimi. "Tangu mwanzo. Soma polepole."

Nikaikunjua barua, nikaanza tena, kuanzia kwenye tarehe.